Fundi wa Mbali Naye Apige Hodi: Kuchagua Programu ya Kuingilia Kompyuta za Ofisi

Karani wa ofisi ya uwakala wa forodha pale Shimanzi ana mzigo unaongoja bandarini Kilindini. Stakabadhi ziko kwenye kompyuta, na printa imegoma. Fundi wake yuko Likoni, ng'ambo ya feri. Zamani karani angekaa kumngoja avuke. Siku hizi fundi humpigia simu tu: "Dada, nisomee hizo nambari unazoziona kwenye skrini." Anasomewa, kishale kinaanza kutembea chenyewe, na muda si muda printa inatoa karatasi.

Mimi husimamia huduma za kompyuta katika chuo kimoja hapa Mombasa, na ofisi nyingi za mji huu huniita kuwashauri wanunue programu ipi ya kumwezesha fundi kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali. Swali la kwanza huwa bei, la pili kasi. Ni nadra kuulizwa lile ambalo kwangu ndilo kubwa: ni nani atakayeweza kuingia, saa ngapi, na akishatoka tutajuaje alichokigusa?

Nyumba ya Mswahili haiingiwi bila hodi. Programu hizi, ziwe TeamViewer, AnyDesk, RustDesk au nyinginezo, zina njia mbili za kuingia, na tofauti yake ni hiyo hiyo ya mgeni na mwenye ufunguo. Njia ya kwanza ni ya hodi: mtu aliyeketi mbele ya kompyuta huona ombi, akalikubali, kisha akatazama kila kinachofanywa. Ya pili ni ya ufunguo: fundi huwekewa neno la siri la kudumu, akaingia hata usiku wa manane ofisi ikiwa imefungwa. Ufunguo una mahali pake. Seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, haina mtu wa kuitikia hodi, wala kompyuta ya kamera za ulinzi haina. Lakini kompyuta ya mhasibu, ya daktari, ya afisa wa mishahara, hizo ziwe za hodi tu. Programu isiyokuwezesha kuzitenganisha hizi mbili, mashine kwa mashine, usiinunue.

Nasema hivi kwa uchungu wa niliyoyaona. Ofisi moja iliniita kwa sababu faili zilikuwa zikihama kabati zenyewe, kama walivyosema. Fundi wao wa awali alikuwa ameondoka zaidi ya mwaka mmoja nyuma, na kompyuta zote, kuanzia ya mapokezi hadi ya mkurugenzi, bado zilikuwa na neno lile lile la siri alilolitunga yeye. Tulishindwa kujua kama ni yeye aliyeingia au mtu aliyempa neno hilo, kwa kuwa programu waliyoitumia haikuweka kumbukumbu zozote za kuingia na kutoka. Iliniuma sana kumweleza mama aliyeanzisha ofisi ile kwamba jibu halipo na halitapatikana.

Kwa hiyo kumbukumbu ni sharti. Kila fundi awe na akaunti yake mwenyewe, yenye uthibitishaji wa hatua mbili, na kila kipindi cha kuingia kiandikwe: nani, mashine gani, saa ngapi, faili zipi zilihamishwa. Kumbukumbu hizo zihifadhiwe mahali ambapo fundi mwenyewe hawezi kuzifuta.

Wapo wanaokwepa gharama kwa kufungua huduma ya Windows ya kuingia kutoka mbali moja kwa moja kwenye intaneti, kupitia poti 3389, yaani mlango wa mtandao wa huduma hiyo. Tafadhali, usifanye hivyo. Kuna mitambo inayozunguka intaneti nzima mchana na usiku ikitafuta poti hiyo na kujaribu maneno ya siri. Ikiwa ni lazima uitumie huduma hiyo, ifiche nyuma ya VPN, njia iliyofungwa ambayo hupitwa na wenye ruhusa tu.

Kampuni kubwa nazo huvamiwa. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu walipitia programu ya Kaseya, inayotumiwa na mafundi kusimamia kompyuta za wateja wao, wakafunga data za biashara zilizokadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,500. Huko Uswidi, mamia ya maduka ya Coop yalifunga milango kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi. Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba mifumo yake imevamiwa, ikafuta maneno ya siri ya tovuti yake ya wateja na kuwataka watu wachukue toleo jipya. Mwezi huo huo ScreenConnect, programu nyingine ya aina hii, ilikutwa na dosari iliyopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Wateja waliokuwa kwenye seva za kampuni walizibiwa tundu na kampuni yenyewe. Waliojiwekea seva zao iliwabidi wazibe kwa mikono yao.

Hilo la mwisho nalikazia, maana programu huria unayoweza kuiweka kwenye seva yako, kama RustDesk au MeshCentral, ina mvuto wake hapa kwetu. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota. Kama seva ya kati, inayoziunganisha kompyuta mbili, iko Ulaya, ofisi ya Nyali ikimsaidia mtu wa Changamwe hutegemea nyaya za baharini kama hizo. Seva iliyo hapa hapa ingewaondolea safari hiyo. Lakini jiulize kwanza: nani ataisasisha ile wiki ambayo fundi wako pekee yuko likizo? Kama huna jibu, lipia huduma ya kampuni.

Sheria nayo ipo. Anayeiona skrini ya hospitali ameziona data za wagonjwa. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kampuni ya nje inayozishughulikia data hizo kwa niaba yako lazima iwe na mkataba wa maandishi nawe, na data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipogundua. Bila zile kumbukumbu nilizozitaja, saa hizo zitaisha bado mnaulizana.

Kuhusu leseni nina neno moja tu: toleo la bure la programu za kampuni, kama TeamViewer au AnyDesk, kwa kawaida ni la matumizi ya nyumbani. Ukilitumia kazini, siku moja litakukatia kipindi katikati.

Wafunzeni pia wafanyakazi kwamba hodi yaweza kuwa ya mwizi. Mei 2024 Microsoft ilionya kuhusu wahalifu wanaomjaza mtu baruapepe za takataka, kisha wakampigia simu wakijifanya mafundi na kumtaka afungue Quick Assist, programu ya kusaidiwa kutoka mbali iliyomo ndani ya Windows. Kanuni tuliyoiweka chuoni ni kwamba fundi hapigi simu kwanza. Mfanyakazi ndiye anayempigia, kwa nambari iliyobandikwa ukutani.

Kabla ya kulipa, omba muda wa majaribio. Mpe programu mfanyakazi mwenye kompyuta kongwe kuliko zote, akiwa kwenye intaneti ya simu. Fundi akishaingia, mwambie huyo mfanyakazi amtoe. Akihangaika kukitafuta kitufe cha kumtolea, rudi ukatafute programu nyingine.