Maikrowevu inazunguka lakini haipashi: kabla hujailaumu magnetroni

Juzi mama mmoja wa Magomeni aliniletea maikrowevu ameifunga kwenye kanga, utadhani mtoto anapelekwa kliniki. Taa inawaka, sahani inazunguka, feni inapuliza, lakini wali unatoka wa baridi kama ulivyoingia. Fundi wa kwanza alishamwambia magnetroni, yaani kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula, imekufa. "Fundi, niambie ukweli, niitupe?" Nikamwambia, "Subiri kwanza mama, tuipime."

Niliweka kikombe cha maji ndani, nikawasha, nikatega sikio. Mashine nzima ikianza kupasha, transfoma inayopandisha volti hunguruma kidogo, sauti ya kitu kilichobeba mzigo. Hii ilikuwa kimya mno. Nikachomoa plagi, na haikurudi ukutani mpaka kazi ilipokwisha. Magnetroni hulishwa volti zinazokaribia 4,000. Maltimita zetu, hizi mita za kupimia umeme, zimeandikwa mwisho volti 600 au 1,000. Kwa hiyo upande huo haupimwi mashine ikiwaka.

Kuchomoa plagi peke yake hakutoshi, maana kuna kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Ndani yake kwa kawaida kuna rezista ya kunyonya chaji, lakini rezista ikikatika chaji inabaki na hakuna dalili ya nje. Nasubiri dakika chache, kisha kwa bisibisi yenye mpini usio na ufa nagusanisha ncha zake mbili, halafu kila ncha na bodi, yaani ganda la chuma la mashine. Mkono wa pili uko mgongoni. Kijana ninayemfundisha hucheka akiniona hivyo, acheke tu.

Fyuzi ilikuwa nzima, swichi za mlango nzima. (Ukikuta fyuzi inaungua kila mlango unapofunguliwa, tazama swichi hizo. Moja imewekwa makusudi ipige shoti pale wenzake wanapogoma kuachia, ili fyuzi iungue na mashine izime mlango ukiwa wazi. Anayefunga waya badala ya fyuzi amemwondolea mwenye nyumba ulinzi huo.) Koili ya transfoma inayopokea umeme wa ukutani ilisoma chini ya omu 1 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ile ya volti kubwa karibu omu 100. Sawa kabisa.

Magnetroni nayo: nilichomoa waya zake, nikapima kati ya ncha mbili, chini ya omu 1. Ncha na bodi yake, hakuna kitu kinachopita. Kipimo hiki hakithibitishi kwamba ina nguvu, maana iliyochoka nayo hukifaulu, ila kingeshindwa ningeihukumu hapohapo.

Ikabaki dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hapa ndipo yule fundi wa kwanza alipoteleza. Dayodi ya kawaida hufunguka kwa volti 0.6 hivi. Hii ya maikrowevu ni dayodi nyingi zilizopangwa mstari mmoja ndani ya ganda moja, hivyo inataka volti kadhaa ndipo ifunguke, na maltimita nyingi hazitoi kiasi hicho. Matokeo yake dayodi nzima inasoma "wazi", yaani kama hakuna umeme unaopita, pande zote mbili. Iliyokatika pia inasoma "wazi" pande zote mbili. Wapo wanaotupa nzima kwa sababu hiyo, na wapo waliozoea kuona "wazi" wakaipitisha iliyokufa. Maltimita peke yake inakamata iliyopiga shoti tu.

Dawa yake ni betri ya volti 9. Nachomoa dayodi, nafunga chanya ya betri kwenye ncha yake moja, ncha ya pili naigusisha waya mwekundu wa maltimita niliyoiweka kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri. Kisha naigeuza dayodi. Nzima itaonyesha volti kadhaa upande mmoja, pungufu ya zile za betri, na sifuri au karibu yake upande mwingine. Ikionyesha volti zote za betri pande zote mbili, imepiga shoti. Ya mama ilionyesha sifuri, nikaigeuza, sifuri tena. Imekatika.

Kijana alitumwa Kariakoo akarudi na nyingine. Nikafunga, ncha yenye alama ya kwenda bodi nikaibana kwa skrubu yake barabara, nikarudisha kava, nikarudisha kikombe. Safari hii transfoma ikanguruma, na baada ya dakika moja maji yakawa yanatoa mvuke. Mama akauliza mbona yule mwingine hakuliona hilo. Nikamwonyesha kile kibetri mezani. Akakitazama, akacheka, "Hiki si ndicho cha redio?"