Kula hotelini ugenini bila ngano wala chakula cha mnyama: maswali na majibu

Binti mmoja wa Kongwa alikuja kuniona akiwa na daftari lenye maswali. Amepata nafasi ya kusoma Bengaluru, India, na ana ugonjwa wa seliaki. Kwao ni Wasabato, nyama haijapikwa nyumbani tangu azaliwe; alipokua akaacha na mayai na maziwa pia. Hofu yake haikuwa masomo. Ilikuwa chakula. Nimeyaweka maswali yake hapa kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Watu wananiambia nina mizio ya ngano tu. Ni kweli?

Hapana. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mwenye seliaki, ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe. Vinyweleo vinavyofyonza chakula vinasinyaa, na hapo unaweza kula ukashiba huku mwili ukiwa na njaa. Ndiyo maana ulimeza vidonge vya madini ya chuma muda mrefu na damu haikupanda.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeonyesha, kufikia mwaka 1950, kwamba ngano ndiyo inayowaumiza wagonjwa hawa. Hadi leo tiba ni ileile: kuacha gluteni maisha yote.

Kwa msomaji anayejishuku: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta alama ambazo mwili huzitoa ukiwa bado unakula gluteni. Ukiacha mapema, majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa ilhali unao.

Nimeacha mkate, chapati na maandazi, lakini tumbo bado linanisumbua. Nakosea wapi?

Nilimwomba anipeleke anakokula. Ni kwa mama lishe mmoja, mpishi safi kabisa, na binti huagiza mihogo ya kukaanga. Nikasimama karibu na karai. Zilitolewa sambusa, mafuta yakabaki na vipande vya ganda la ngano vikielea, kisha mihogo ikamiminwa mlemle. Chujio lile lile, sahani ile ile. Muhogo hauna gluteni hata kidogo, ila ulitoka pale umeshavaa ngano.

Watu wengi hudhani moto unamaliza kila kitu. Moto unaua vijidudu; gluteni si kijidudu, na kukaanga hakuiondoi. Kwa viwango vya kimataifa, chakula kinachoitwa hakina gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Chembe za mkate zilizobaki kwenye ubao wa kukatia zinatosha kukuumiza.

Kosa la pili lilikuwa kwenye uji. Alikuwa akinunua unga wa lishe akiamini ni wa afya. Unga huo mara nyingi huchanganywa mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano ndani yake. Muulize anayeuza, au peleka ulezi wako mashineni, na uhakikishe haisagi ngano kabla yako.

Na kwa kuwa huli samaki, uliza pia kuhusu dagaa wa kusaga kwenye mboga. Wapishi wetu huwatia ili kunogesha, na wengi hawawahesabu kama samaki.

India nitakula nini?

Hapa nilifurahi kumjibu, maana yeye ni mtoto wa Ugogoni. Amekua na ugali wa uwele, mtama, mlenda na karanga. Nafaka hizo zote hazina gluteni, na India wanazo. Uwele wanauita bajra, mtama ni jowar, ulezi ni ragi. Tena Bengaluru iko jimbo la Karnataka, ambako kuna chakula kinaitwa ragi mudde: ugali wa ulezi uliofinyangwa donge, unaliwa kwa mkono pamoja na mchuzi wa dengu au mboga za majani. Mtu wa Kongwa akikaa mbele ya sahani hiyo hahitaji kufundishwa.

Kuna pia idli na dosa za kawaida, zinazotengenezwa kwa mchele na choroko nyeusi zilizochachushwa. Ila kaa macho na zile zinazoitwa rava, maana rava au suji ni ngano iliyoparazwa. Atta na maida ni unga wa ngano, dalia ni ngano iliyovunjwavunjwa. Yakariri majina hayo kabla ya kupanda ndege.

Kuna kiungo kinaitwa hing, kinatiwa kidogo sana kwenye mchuzi wa dengu. Kile cha dukani mara nyingi kimechanganywa na unga wa ngano. Omba mchuzi usiotiwa hing. Mikate ya bajra nayo wengine huichanganya na ngano isivunjike, kisha huipaka samli.

Kuhusu maziwa, usidanganyike na alama ya kijani kwenye pakiti. Inamaanisha hakuna nyama, samaki wala yai. Samli, mtindi na jibini ya paneer vinaruhusiwa. Na popote duniani ukiona "nyama ya mimea" kwenye orodha ya vyakula, uliza imetengenezwa kwa nini. Iitwayo seitan ni gluteni yenyewe. Mchuzi wa soya wa Kichina nao kwa kawaida una ngano.

Nimwambieje mhudumu anielewe?

Usianze na "sipendi" wala "situmii". Atadhani ni kuchagua chakula. Anza na ugonjwa. Tuliandika kadi hii, na mwanafunzi mwenzake wa kule ataitafsiri kwa Kikannada na Kihindi:

"Nina ugonjwa wa utumbo. Nikila ngano, suji, maida au shayiri, hata chembe, naugua. Sili pia nyama, samaki, mayai, maziwa, samli wala mtindi. Naweza kula mchele, ragi, mahindi, dengu, viazi na mboga. Tafadhali tumia sufuria na mwiko vilivyooshwa."

Sehemu ya "naweza kula" usiiache. Mpishi akisikia makatazo matupu anakata tamaa. Ukimtajia vya kupika anaanza kufikiria. Nenda kabla watu hawajajaa, na kadi imfikie mpishi mwenyewe.

Na kwenye ndege?

Agiza chakula mapema, siku mbili kabla au zaidi. Mara nyingi utatakiwa kuchagua kimoja: kisicho na gluteni, ambacho huenda kikaja na kuku, au cha mimea, ambacho huenda kikaja na mkate. Chagua kisicho na gluteni, acha kuku, na ubebe karanga na zabibu kavu.

Je, mwili wangu utapungukiwa?

Vitamini B12 haipatikani ya kutosha kwenye mimea. Asiyekula chochote cha mnyama lazima aimeze kama kidonge au aipate kwenye chakula kilichoongezwa virutubisho, na kwako wewe mwenye utumbo uliojeruhiwa jambo hili halina mjadala. Pima damu kabla ya kuondoka. Soma maelezo ya kidonge pia, kwa sababu vingine vina wanga wa ngano.

Nikila kwa bahati mbaya?

Hakuna dawa ya kuiondoa gluteni tumboni. Kunywa maji, pumzika, kula wali mweupe. Ukiharisha, tumia ORS. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hiyo si seliaki, inaweza kuwa mizio ya ghafla: kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Andika kwenye daftari lako ulikula nini na wapi, na ukiumwa tena na tena bila kujua sababu, rudi kwa daktari akupime upya.