"Mimi sifungui tovuti chafu": yanayosemwa mitaani Dodoma kuhusu kivinjari, na ukweli wake

Jirani yangu hapa Ipagala ni mwalimu mstaafu, na laptopu yake haizimwi. Huifunika tu. Jumamosi aliniita, anasema imekuwa nzito. Nilipoifunua, kona ya juu kulia ya Chrome, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) anachotumia, palikuwa na kitufe kinachoomba ifungwe na kuwashwa upya, na kando yake kurasa arobaini na kitu, zimebanana kama abiria wa daladala ya Nkuhungu asubuhi.

"Mwalimu, hii inakuomba uifunge."

"Naiona, mwanangu. Nikifunga kurasa zangu zitapotea. Halafu si inajiapdeti yenyewe?"

Hiyo ndiyo dhana inayoponza wengi, maana nusu yake ni kweli. Chrome, Firefox na Edge hupakua masasisho kimyakimya, ila kupakua ni jambo moja na kuyatumia ni jingine. Kivinjari kilicho wazi huendelea na mafaili ya zamani, pamoja na tundu lake, yaani kasoro ya usalama ambayo wahalifu hupitia, mpaka ukifunge kabisa. Kufunika laptopu hakuhesabiki: inalala, ikiamka inaendelea ilipoishia. Tangu Agosti 2023 Chrome hutolewa masasisho ya usalama kila wiki, kwa hiyo anayefunika kwa miezi mitatu anakaa na matundu ambayo dawa yake tayari imo kwenye diski yake mwenyewe. Mbaya zaidi, tundu likishazibwa hadharani, wahalifu huchunguza kilichobadilishwa, wakajua pa kuwaingilia waliochelewa.

"Sifungui tovuti chafu." Hili nalisikia hata kwa watu wa kompyuta. Septemba 2023 iligundulika hitilafu kwenye libwebp, programu ndogo ya kufungua picha za aina ya WebP, iliyokuwa ndani ya Chrome, Firefox, Edge na programu nyingine chungu nzima. Picha iliyotengenezwa kwa hila ilitosha. Hubonyezi kitu, hupakui kitu. Ukurasa ukiionyesha tu, mlango uko wazi. Google yenyewe ilisema tayari kuna watu wanaoitumia kushambulia. Chrome ilizibwa tarehe 11 Septemba, Firefox kesho yake. Sasa picha haina haya: inaweza kukaa kwenye tovuti ya mahubiri iliyoingiliwa bila wenyewe kujua, au kwenye tangazo la pembeni ya habari za mpira. Na ile alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha kando ya anwani ya tovuti inamaanisha tu kwamba mawasiliano yamefumbwa njiani. Tabia ya aliye upande wa pili haiijui.

"Basi nitahamia kivinjari kingine." Edge, Opera na Brave zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, hivyo tundu la msingi ni la wote. Firefox ina injini yake, lakini libwebp ilikuwamo nayo. Hali fiche (Incognito)? Inawaficha watu wa nyumbani historia yako, basi.

"Antivirusi ninayo." Iache iendelee na kazi. Inasaidia sana faili baya linaposhuka, lakini shambulio la kivinjari laweza kuanza ndani ya kumbukumbu ya kompyuta (RAM) kabla faili lolote halijaandikwa.

Kuhusu bando, hapo simlaumu mtu. Anayetumia hotispoti ya simu anahesabu kila MB. Lakini vivinjari hivi, ukiwa karibu na toleo jipya, mara nyingi hushusha sehemu iliyobadilika tu. Ukiachwa nyuma sana ndipo programu inashuka nzima. Anayekwepa ili abane bando ndiye anayelipa zaidi.

Halafu kuna flashi ya fundi. Kompyuta ikipigwa window upya, fundi anachomeka flashi yenye kila kitu, hata vivinjari vya miaka mitatu nyuma. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishiwa laptopu ikiwa na Windows 7 "kwa sababu ni nyepesi". Nyepesi kweli. Lakini Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kukaa humo ni ya 109, ya Januari 2023. Utabonyeza sasisha mpaka kidole kiote sugu. Mashine isiyobeba Windows mpya naiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na Firefox, inakwenda vizuri tu.

Angalizo moja: ukurasa ukikurukia na maandishi kwamba kivinjari chako kimepitwa na wakati, pakua hapa, usibonyeze. Sasisho la kweli la Chrome liko kwenye vidoti vitatu, Usaidizi, kisha Kuhusu Google Chrome.

Tuliingia hukohuko na mwalimu. Nikamuuliza kama ana fomu aliyoijaza nusu, maana hiyo ndiyo inayoweza kupotea. Hana. Tukabonyeza. Dirisha likatoweka, mwalimu akashika kichwa. Baada ya muda likarudi na kurasa zote, wa kwanza ukiwa wa dawa ya ukungu wa mizabibu, alioufungua tangu mvua zilipoanza.

"Kumbe," akasema, akaanza kuusoma.