“Ndivyo Alivyo”: Dhana Potofu Kuhusu Jinsi Mtu Anavyokuwa Yeye

“Ndivyo alivyo, huyo habadiliki.” Utaisikia kwenye vikao vya ukoo, utaisikia kwa mwalimu wa nidhamu, utaisikia hata hospitalini. Ikishasemwa, anayehusika hasikilizwi tena. Inawaumiza watu wengi, na sehemu kubwa yake si kweli. Zifuatazo ni dhana zinazorudiwa sana, pamoja na yale ambayo tafiti zimeonyesha.

“Mtoto mdogo bado hajijui”

Wanasaikolojia wana kipimo chao maarufu cha kioo. Mtoto huwekwa alama usoni bila kujua, kisha hupelekwa mbele ya kioo. Akiushika uso wake mwenyewe badala ya kukigusa kioo, huhesabiwa kwamba amejitambua. Watoto wengi wa Ulaya na Marekani hufaulu kati ya miezi 18 na 24. Kwa hiyo nafsi haingoji balehe.

Lakini mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya kipimo hicho kutoka nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Kati ya watoto 82 wa Kenya, wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi sita, waliofaulu ni wawili tu. Wengi walisimama kimya, wakijitazama. Je, mtoto wa miaka mitano anayetumwa dukani na kurudi na chenji kamili hajijui? Watafiti wenyewe hawakufikia hitimisho hilo. Waliona kwamba huenda watoto hawakujua wanatarajiwa kufanya nini. Kwangu hilo linaeleweka kabisa. Mtoto aliyefundishwa kutulia mbele ya mgeni hutulia, akasubiri mkubwa aseme. Anajijua vizuri sana, na anajijua akiwa mbele ya watu.

“Tabia ikishajengeka, imejengeka”

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo inahimiza malezi, nasi tumeigeuza kuwa hukumu kwa watu wazima. Wasomi nao walifikiri hivyo: mwaka 1890 Mmarekani William James aliandika kwamba kwa wengi wetu, tukifika miaka 30, tabia imeshaganda kama plasta.

Haijaganda. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Brent Roberts na wenzake walikusanya matokeo kutoka makundi 92 ya watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Kwa jumla, kadiri watu walivyokua ndivyo walivyozidi kuwajibika na kutulia kihisia, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilikuja kati ya miaka 20 na 40, umri uleule ambao tunadhani mtu ameshakwisha kupikwa.

Sababu bado zinajadiliwa, lakini mojawapo inayotajwa sana ni majukumu mapya. Mtazame kijana aliyekuwa haonekani nyumbani hadi usiku wa manane. Anapata mtoto, anaanza kuitwa Baba Asha. Mwenye duka sasa anamkopesha unga kwa jina hilo. Kukiwa na msiba, mashemeji wanampigia yeye. Kwenye mchango anatajwa, na anatarajiwa kutoa. Akiishi hivyo miaka mitatu, minne, hata usingizi wake unabadilika. Nani anaweza kusema huyo “wa kweli” ni yule wa zamani?

Haimaanishi kwamba kila kitu kinageuka. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za tabia baina ya watu zinahusiana na urithi wa kibiolojia, na aliyekuwa mpole kuliko wenzake wa rika mara nyingi hubaki mmoja wa wapole. Wote wanasogea, ila kila mmoja na mahali alipoanzia.

Tunajikosea hata sisi wenyewe. Utafiti wa Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha watu zaidi ya 19,000 wa miaka 18 hadi 68. Wa kila umri walikiri kwamba wamebadilika sana katika miaka kumi iliyopita, na wa kila umri waliamini kwamba kumi ijayo itawabadilisha kidogo tu.

“Mwanamume akifika arobaini lazima avurugike”

Si lazima. Wazo hili lilipata jina la “mgogoro wa umri wa kati” (midlife crisis) mwaka 1965 kwa mwanasaikolojia Elliott Jaques, na huko Marekani walipoulizwa watu wazima, takriban robo tu walisema limewapata. Wengi wao walitaja kufiwa, talaka au kupoteza kazi, mambo ambayo hayachagui umri.

“Kijana asiyejua anataka kuwa nani amepotea”

Anayetajwa zaidi katika suala hili ni mwanasaikolojia Erik Erikson. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, hakumjua baba yake mzazi, akakua akitumia jina la baba wa kambo, Homburger. Jina Erikson alilichukua mwenyewe alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939, akiwa amekaribia miaka 40. Mtu huyu alijua kwa maisha yake kwamba kujitafuta hakuishii shuleni.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia aliendeleza kazi ya Erikson kwa kuonyesha hali nne za vijana katika kujitafuta. Wapo waliotafuta wakapata. Wapo walio katikati ya kutafuta. Wapo waliopokea walichopangiwa bila kujiuliza. Na wapo wasiotafuta wala kushika lolote. Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea hesabu. Msichana aliyeambiwa tangu darasa la tatu kwamba yeye ndiye daktari wa familia, akachukua PCB (fizikia, kemia na biolojia) kidato cha tano bila yeyote kumuuliza, anaonekana ametulia. Kaka yake, ambaye likizo hii anataka ufundi umeme na ijayo anataka sheria, anaitwa kichwa maji. Kwa mtazamo wa Marcia, kaka ndiye anayeifanya kazi ya umri wake, na dada anaweza kuja kuianza akiwa na miaka 35, akiwa na mkopo na watoto. Wa kuhangaikiwa ni yule wa nne, asiyejaribu lolote, na hata huyo anahitaji mtu wa kukaa naye, si wa kumfokea.

“Kabila ni la kuzaliwa, halibadiliki kamwe”

Huko Kenya, jina Mijikenda, la makabila tisa ya pwani wakiwemo Warabai, lilishika kama jina la pamoja katika miaka ya 1940, na Kalenjin, la makabila ya Bonde la Ufa, vilevile. Mzee aliyezaliwa Rabai mwaka 1920 alikua akijiita Mrabai, akazeeka akiwa Mrabai na Mmijikenda, na hakumdanganya mtu. Wamakonde wa Kwale, wenye asili ya Msumbiji, waliishi Kenya miongo mingi bila vitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kuvidai, na ndipo serikali ikawatambua. Walijijua siku zote. Waliotakiwa kuwajua ni wengine.

“Akipoteza kumbukumbu, mwenyewe hayupo tena”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu husemwa mzee mwenyewe akiwa amekaa palepale. Mwaka 2015 Nina Strohminger na Shaun Nichols walichapisha utafiti kuhusu ndugu 248 wa wagonjwa wenye maradhi yanayoharibu ubongo na neva. Kilichowafanya ndugu waone “huyu si yule tuliyemjua” hasa kilikuwa mabadiliko ya utu: huruma, uaminifu, adabu kwa watu. Kusahau peke yake kulichangia kidogo mno.

Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza, alishambuliwa ubongo na virusi vya herpes mwaka 1985. Tangu hapo kumbukumbu zake mpya zilidumu kwa sekunde tu. Katika daftari lake aliandika tena na tena kwamba ndiyo kwanza ameamka, akikata alichoandika kabla. Hata hivyo aliendelea kupiga piano, na mkewe Deborah alipoingia chumbani alimlaki kwa furaha, hata kama alikuwa ametoka dakika chache tu.

Ukiwa na mzee wa namna hii nyumbani, mwamkie shikamoo kama zamani. Usimtahini kwa “haya, mimi nani?” Mtajie jina lako na la mama yako. Mpe kazi ambayo mikono yake inaijua, iwe kusuka ukili au kuchambua mchele. Na mambo yake yajadiliwe pamoja naye, hata kama atauliza swali lilelile mara kumi.