"Ndivyo alivyo": maswali ya wazazi kuhusu kupumua kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Maswali haya naulizwa karibu kila siku ya kliniki na wazazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, na vijiji jirani vya wilaya ya Isingiro. Nayajibu kwa maandishi ili mzazi ayasome mapema, kabla mtoto hajafikishwa kwetu midomo imebadilika rangi.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Ni ubongo wa mtoto kuumia ungali unakua: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo. Huku kwetu mara nyingi ni mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata umanjano mkali akiwa mchanga, au aliyeugua malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Hauambukizi. Si laana ya ukoo wa baba wala wa mama.

Ubongo na kifua vinahusiana vipi?

Ubongo ndio unaoongoza misuli ya kumeza, kukohoa na kupumua. Misuli hiyo ikilegea au ikikakamaa, uji, maziwa na hata mate hupita njia ya hewa, na kikohozi chake hafifu hakiwezi kuvirudisha. Hapo ndipo nimonia inapoanzia. Mgongo ukipinda nao hubana mapafu. Kwa watoto walioathirika sana, matatizo ya kupumua ndiyo yanayoongoza kwa kuwaua.

Musawo (mganga), kifua chake kinakoroma tangu azaliwe. Si ndivyo alivyo?

Hapana. Hilo ndilo jibu, na nitalirudia. Mtindio wa ubongo peke yake haukoromeshi kifua. Kifua kikikoroma, kuna kitu ndani: mate, chakula, makohozi au ugonjwa. Mzazi akishazoea mlio huo, siku unapozidi hausikii tena. Tunapokea watoto waliopumua kwa shida siku nne, tano, nyumbani kuna watu wazima watatu, na wote walisema "ndivyo alivyo". Sivyo alivyo.

Lakini hakohoi, wala hana homa.

Hapana tena. Watoto wengi wa aina hii hupaliwa kimyakimya: chakula kinaingia njia ya hewa na hawakohoi hata kidogo. Kutokohoa si dalili ya usalama. Na nimonia inaweza kumshika mtoto dhaifu bila homa ya kushtua. Usingoje kikohozi, usingoje joto. Tazama anavyopumua.

Nitampimaje nyumbani bila sindano wala mashine?

Mfunue kifua na tumbo akiwa amelala au ametulia, si wakati wa kula, kulia au kukakamaa. Weka saa ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda, dakika nzima. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, maana pumzi za watoto hawa haziendi sawasawa.

Kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Aliyepita miaka 5, pumzi 30 au zaidi akiwa ametulia zinatosha kukupeleka kituo cha afya.

Kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi: hesabu pia siku akiwa mzima, uandike kwenye daftari. Kama kawaida yake usingizini ni 24 na leo ni 38, kuna jambo, hata kama hajafika 40. Daftari la shilingi mia chache linatusaidia kuliko maelezo marefu ya mlangoni.

Ukihesabu, tazama na mbavu. Nyama chini ya mbavu inabonyea ndani akivuta hewa? Pua zinatanuka? Anaguna kila akitoa pumzi? Lolote kati ya hayo ni safari ya leo, wala si ya kesho.

Na kile kifaa cha kubana kidoleni?

Ni oksimita. Inapitisha mwanga kwenye kidole na kukadiria oksijeni iliyomo kwenye damu. Haichomi, haiumi. Kwa mtoto asiye na tatizo namba huwa 95 au zaidi. Ikishuka chini ya 90 anahitaji oksijeni mara moja. Ya katikati nayo haifai kupuuzwa.

Ila ijulikane inavyodanganya. Mkono ukiwa baridi, kucha zikiwa na rangi, au mtoto akirusharusha mkono, namba haiaminiki. Kile cha watu wazima hakishiki vizuri kidole kidogo, kwa hiyo tunatumia cha watoto, au tunakiweka kwenye kidole cha mguu. Ngoja namba itulie ndipo usome. Tena vifaa hivi huweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi, yaani sisi. Kwa hiyo ukiona 94 na huku mbavu zinabonyea, amini mbavu.

Usiku je? Anakoroma sana, kisha ananyamaza.

Mrekodi kwa simu. Washa taa, mfunue kifua, chukua dakika tatu au nne za video uso na kifua vikionekana. Baba mmoja alituletea video ya namna hiyo: mtoto anatupa kichwa nyuma, kifua kinavuta lakini hewa haipiti, kimya, halafu anashtuka kwa kishindo. Mchana kwenye kiti chetu mtoto yuleyule alionekana hana shida yoyote. Kwa video ile tulijua apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto anayeamka amechoka, kichwa kinamuuma au analala mchana kutwa, atajwe pia, kwa sababu hewa chafu, ile tunayopaswa kuitoa tukipumua, inaweza kubaki mwilini usiku na oksimita haiipimi.

Nampa uji amelala, akikaa kichwa kinaanguka.

Mama mmoja alinionyesha anavyofanya. Mtoto chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, kikombe cha uji wa wimbi mdomoni, vidole viwili vimebana pua ili ameze. Akameza mara tatu, macho yakajaa machozi, kisha kifua kikaanza kuunguruma. Hakukohoa. Ule uji ulikwenda wapi?

Nawaomba, mama zangu, kubana pua kuachwe kabisa. Mkalishe wima, mgongo umeegemea, kichwa kimenyooka na kidevu kimeshuka kidogo. Tumia kijiko kidogo, uji mzito kiasi, usubiri ameze ndipo uongeze. Akimaliza, abaki wima nusu saa. Akianza kupumua haraka katikati ya chakula, acha. Mlo wa saa nzima nao ni dalili, utuambie.

Bibi anasema ni oburo, atolewe "wimbi" kifuani.

Hapana, hapana, hapana. Tunajua mila hiyo ya kuchanja kifua kwa wembe ili kutoa kinachoitwa "wimbi" ipo huku magharibi, na tunawaheshimu wazee. Lakini kifua kinachobonyea ni dalili ya mapafu kuzidiwa. Wembe hautoi nimonia. Unaongeza kidonda, damu na siku mbili za kuchelewa, na hizo siku mbili ndizo tunazozililia. Dawa ya kikohozi ya kulewesha kutoka duka la dawa nayo isitumike, wala nusu dozi iliyobaki ya ndugu yake.

Ni lini niondoke bila kusubiri?

Mbavu zikibonyea, akiguna, akishindwa kunyonya au kunywa, ulimi au ufizi ukiwa wa bluu au kijivu, akilegea au asiamke vizuri, au degedege ikipita dakika 5. Usiku huohuo. Usingoje mume arudi wala siku ya kliniki. Kwenye boda mshike wima kifuani pako, uso wazi, usimfunge blanketi hadi puani, wala usimpe chochote cha kunywa njiani.

Nikifika, na mhudumu naye akasema "hawa ndivyo walivyo"?

Hutokea, na inaniuma kwamba hutokea. Usiondoke. Fungua daftari, onyesha video, kisha useme: "Kawaida yake ni pumzi 24, sasa ni 38. Naomba umhesabie dakika nzima na umpime oksijeni." Kituo kikikosa oksimita, omba barua ya rufaa kwenda kituo cha afya cha daraja la IV au hospitali, iandikwe hesabu ya pumzi na saa mliyoipima.