Makavazi Yapi? Maelezo kwa Wanaozuru Turathi za Nairobi

Kila shule zinapofunga, simu ya kitengo chetu cha elimu huanza kulia kabla ya saa mbili asubuhi, na swali la kwanza huwa lile lile: "Tumefika Makavazi, mbona hatumwoni Mvulana wa Turkana?" Mpigaji yuko Moi Avenue, amezungukwa na wanafunzi wenye sare, na nyuma yake matatu zinapiga honi. Amefika Makavazi kweli, ila ni yale ya nyaraka. Mvulana anayemtafuta, yaani mabaki ya binadamu wa kale, yuko Museum Hill, upande wa pili wa Mto Nairobi, na basi la shule limeshaondoka kutafuta maegesho.

Lawama si zake. Kiswahili chetu cha Kenya kimelitwika neno moja mizigo miwili: "makavazi" ni jumba la vitu vya kale, na ni hifadhi ya nyaraka za serikali vilevile. Katika makala haya jumba la Museum Hill nitaliita Makumbusho, na lile la Moi Avenue nitaliita Nyaraka. Ukimwelekeza dereva, mtajie mtaa kwanza, jina la jumba lifuate.

Lakini nyuma ya mkanganyo wa jina kuna mkubwa zaidi. Wengi huamini kwamba kila kitu cha kale jijini kina mwenyewe mmoja, na kwamba tiketi iliyokatwa asubuhi inafungua milango yote hadi jioni. Sivyo. Makumbusho ya Museum Hill, Nairobi Gallery na nyumba ya mwandishi Karen Blixen mtaani Karen viko chini ya shirika la Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Nyaraka ni idara nyingine ya serikali, yenye sheria yake. Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa mwaka 1971 na ambayo bado yanalihifadhi behewa alimovutwa afisa wa polisi Charles Ryall na simba kule Kima mwaka 1900, ni ya Shirika la Reli. Arboretum, bustani ya miti iliyoanza mwaka 1907 kwa kujaribu miti ya kutoa kuni za garimoshi, ni mambo ya misitu. Bustani za katikati ya jiji ni za kaunti. Mlinzi anayekukatalia tiketi ya mahali pengine hakuonei.

Kuhusu malipo, nitaeleza polepole kwa sababu hapa ndipo malalamiko yanapojazana. Malipo ya huduma za serikali yamehamishiwa eCitizen, jukwaa la serikali la mtandaoni, na nambari ya malipo ni moja, 222222. Huyu anayesimama kando ya lango akikuomba umtumie pesa kwa simu yake "akusaidie foleni" si mfanyakazi, hata akivaa koti lenye nembo. Fungua akaunti ukiwa nyumbani, si pale langoni ukiwa na watoto watano na mtandao unaozunguka tu. Chagua kituo unachokwenda, kwa sababu tiketi ya Karen haiwezi kugeuzwa kuwa ya Museum Hill kwa maneno matamu. Chagua kundi lako: raia na wakazi wa Afrika Mashariki hulipa kiwango chao na wageni chao, watoto na watu wazima hali kadhalika. Kisha njoo na kitambulisho. Narudia: njoo na kitambulisho. Anayelipa kiwango cha raia bila kuwa na cha kuonyesha huombwa alipe tofauti, na karani hana mamlaka ya kumsamehe kwa kuwa anaongea Kiswahili kizuri. Viwango vyenyewe hutangazwa na serikali na hubadilika, kwa hiyo bei aliyokuambia jirani kutoka ziara ya mwaka juzi isikupandishe hasira.

Shule ziandike barua mapema, kwa karatasi yenye anwani ya shule, zikitaja siku, idadi ya wanafunzi, darasa lao na idadi ya walimu. Idadi ya walimu ndiyo husahaulika kila mara. Mtu hawezi kuwaingiza watoto mia moja wa gredi ya tatu katika Bustani ya Nyoka pale Museum Hill akiwa na mwalimu mmoja na dereva.

Makumbusho ya Museum Hill sihitaji kuyatangaza. Jengo lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana Coryndon, likabadilishwa jina baada ya uhuru, likafungwa mwaka 2005 kwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2008. Uani yupo Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Yule wa uani ni mfano wake, jamani, hajakaushwa, na hapandwi. Ndani yumo huyo Mvulana wa Turkana, ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Ana umri wa takriban miaka milioni 1.5. Wazazi wanaoniuliza kama ni "mtu kabisa ama nyani" ningewaomba wasome kibao kilicho mbele yao.

Ninachopenda kupendekeza kwa mtu mzima mwenye siku moja ni njia nyingine. Mfuate Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911, baba yake Mgoa na mama yake Mmaasai, akawa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya kwa miezi michache mwaka 1966, kisha akaiacha siasa akarudi kwa alichokipenda: kukusanya. Alikusanya vitabu adimu kwa maelfu, vinyago, nguo, vito, samani, stempu. Alikataa kuviuza ng'ambo, akaiuzia serikali ya Kenya. Ndiyo sababu ukiingia Nyaraka pale Moi Avenue, jengo lililokuwa benki, ghorofa ya chini unakutana na vitu vyake kabla hujaona faili hata moja. Nusu ya Nairobi hupeana miadi nje ya mlango huo. Wakisimama hapo wakingojana hadi miguu iume, hawajui kwamba hatua kumi ndani kuna kazi za mikono kutoka pembe zote za Afrika.

Kituo cha pili ni Nairobi Gallery, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, chini ya kivuli cha Nyayo House. Nyumba hiyo ya mawe ilijengwa mwaka 1913. Baadaye ikawa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, na kwa kuwa ndimo vizazi, ndoa na vifo vilimoandikishwa, wakoloni waliipa jina la utani lenye maana ya kuanguliwa, kuoana na kusafirishwa. Hapo ndipo palipokuwa sifuri ya nchi: umbali wa miji mingine kutoka Nairobi ulihesabiwa kuanzia hapo. Leo vyumba vyake vimewekwa sehemu nyingine ya mkusanyo wa Murumbi. Ni padogo. Saa moja inatosha, na siku nyingi utapata utulivu usiouona popote pengine katikati ya mji.

Nyumba ya Murumbi ya Muthaiga, aliyoiuza kwa matumaini kwamba ingekuwa kituo cha utafiti wa mambo ya Afrika, hutaiona. Ilibomolewa, na kiwanja kikagawanywa. Nalitaja hilo kwa kuwa linatuingiza kwenye sheria.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 husomwa vibaya na karibu kila mwenye nyumba anayekuja ofisini. "Jengo langu halijafika miaka mia," husema, kana kwamba amemaliza kesi. Mwaka unaotajwa katika sheria ni 1895, lakini huo ni wa vitu vya kale vinavyohamishika. Tungeupima mji huu kwa mwaka huo tusingebaki na kitu, maana reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1899. Jengo au eneo linaweza kulindwa likiwa na umri wowote, mradi waziri ametangaza hivyo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo likitoka, mwenye pingamizi ana miezi miwili kuliwasilisha kwa maandishi. Kwa maandishi, si kwa kunipigia simu. Na kutangazwa hakumaanishi kunyang'anywa: hati inabaki jina lako, ila huwezi kubomoa, kuongeza ghorofa wala kubadilisha sura ya jengo bila idhini. Anayeharibu, anayechora au anayebomoa eneo lililotangazwa anakabiliwa na faini inayoweza kufika shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili. Kuandika jina la mpenzi ukutani kwa msumari ni kuharibu.

Mkandarasi anayechimba msingi akakuta mifupa, vyungu au zana za mawe ana siku saba za kutoa taarifa, akieleza mahali hasa na jinsi alivyovipata. Asivisafishe. Asiviweke kwenye buti la gari avilete "kutuonyesha", kwa sababu kitu kilichong'olewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake.

Na wale wanaopamba nyumba za Karen na Runda kwa milango ya nakshi kutoka Lamu na Mombasa: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa na sheria. Kununua kwa nia njema hakukuondolei wajibu wa kuuliza kibali cha kuuhamisha. Najua muuzaji alisema zilishafanywa taratibu zote. Huwa wanasema.

Turudi kwenye njia yetu. Kutoka Gallery, panda Kenyatta Avenue kwa miguu. Utapita Kipande House, ya mwaka 1913 pia, leo ni tawi la benki. Jina lake limetokana na kipande, karatasi ya usajili ambayo kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Watu huingia humo kutoa pesa bila kuinua macho. Ukikata kuelekea Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia, kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kulindwa kwa sheria yake pekee ya bunge; Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo hadi uhuru ulipokaribia. Mbele kidogo ni Bustani ya Jeevanjee, zawadi ya mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee kwa wakazi mwaka 1906. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza kuwa maegesho ya magari, na mjukuu wake Zarina Patel akaongoza upinzani uliouzima. Miaka miwili kabla, Wangari Maathai alikuwa amezuia jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Nyasi unazozilalia saa ya chakula zilipiganiwa.

Picha za simu za kuweka kumbukumbu hazina shida katika sehemu nyingi. Shida ni za biashara: arusi, matangazo, video za muziki. Hizo zinahitaji kibali cha msimamizi wa mahali hapo, na droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege hata kama mwenye bustani amekubali.

Kituo cha mwisho cha Murumbi ni City Park, Parklands, bustani iliyotangazwa eneo la turathi mwaka 2009. Aliomba azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyepigwa risasi Februari 1965, na wapo hapo wote wawili. Nenda mchana, ukiwa na mwenzako. Chakula kifungie ndani ya mkoba wenye zipu: kima wa hapo wanaijua mifuko ya karatasi kuliko wewe, na ukishang'atwa ni hospitali kwanza, malalamiko baadaye.