Je, wajua kwa nini anayemweleza mwenzake aljebra ndiye anayeielewa zaidi?

Juzi baada ya Alasiri nilikuwa nimekaa barazani Langoni, Lamu, nikawasikiliza vijana watatu wa sekondari wakihangaika na hesabu. Mmoja ni mpwa wangu. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: mahamri 4 na chai 2 ni shilingi 100; mahamri 2 na chai 3 ni shilingi 90. Hamri moja ni bei gani, na chai bei gani?

Mpwa wangu aliimaliza upesi. Mlinganyo wa pili akauzidisha mara mbili ili mahamri yalingane: mahamri 4 na chai 6 ni shilingi 180. Tofauti ni chai 4 kwa shilingi 80, basi chai ni 20 na hamri ni 15. Wenziwe humwita Ustadh, kwa utani na kwa heshima kidogo.

Wa pili alikuwa ameanzia upande wa pili. Alitoa mlinganyo mkubwa kutoka kwa mdogo, akapata hasi chai 4 ni sawa na hasi 80. Akagawanya, akaandika kwamba chai ni hasi 20.

"Yaani ukinywa chai, mwenye mkahawa ndiye akulipa?" mpwa wangu akamcheka. "Hasi kwa hasi ni chanya, bwana."

"Kwa nini?"

"Ndiyo kanuni."

"Kanuni naijua. Nambia ndia, Ustadh."

Hapo Ustadh akanyamaza. Jibu analo, alama zote angepewa, lakini njia hana.

Hapa ndipo mambo yanapoanzia. Mtu akishaizoea hesabu, akili yake huruka hatua. Huona mwanzo na mwisho, katikati hupaacha kama mtu ashukaye ngazi za nyumbani kwake gizani bila kuzihesabu. Akiwa peke yake hana sababu ya kurudi kutazama. Mwenzake akimuuliza "imekuwaje?", hulazimika kushuka ngazi moja moja, na ndipo hugundua kwamba mojawapo haipo. Hajafundisha bado, lakini ameshaona pengo ambalo mtihani haukumwonyesha.

Noreen Webb, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia miaka mingi kusikiliza mazungumzo ya namna hii katika vikundi vya wanafunzi wa hisabati. Katika mapitio ya tafiti aliyoyachapisha 1991, alionyesha kwamba wanaotoa maelezo marefu, yenye sababu, huelekea kufanya vizuri zaidi. Wanaopewa jibu tupu walipokuwa wakihitaji maelezo hawanufaiki, na pengine hurudi nyuma. Kwa hiyo kukaa pamoja peke yake si dawa. Wapo wanaokaa duara mwezi mzima wakinakiliana, wakatoka walivyoingia.

Mpwa wangu alichukua kipande cha chaki, akachora mizani juu ya jiwe la baraza. Akafikiri. Kisha akasema: "Tazama. Huku pamepungua chai nne. Huku pamepungua shilingi themanini. Na mizani iko sawa. Sasa rudisha kilichopungua, pande zote mbili."

Mwenzake akaongeza chai 4 kushoto na chai 4 kulia, kisha shilingi 80 huku na 80 huku. Kilichobaki ni kwamba 80 ni sawa na chai 4. Hasi zimekwenda, na hakuna aliyetaja kanuni.

Bila kujua, vijana wale walikuwa wamefanya kile kilichoipa aljebra jina lake. Neno hilo limetoka kwenye jina la kitabu cha mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kwa Kiarabu *al-jabr* ni kurudisha kilichopungua, na pia ni kuunga mfupa uliovunjika. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi, jambo ambalo watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa umuhimu wake.

Kuna sababu nyingine ya wanafunzi kuelezana, nami naona huwa tunaipuuza. Hisabati ya sekondari Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Darasani mwanafunzi hutafsiri kwanza, kisha ndipo afikiri. Barazani hufikiri moja kwa moja, kwa Kiswahili cha nyumbani. Tena mwenzake alichanganyikiwa pale pale wiki iliyopita, kwa hiyo anakumbuka utelezi uko wapi. Mwalimu aliyeielewa hesabu hiyo miaka ishirini iliyopita huenda ameshasahau kwamba iliwahi kumshinda. (Hii si ruhusa ya mwalimu kukaa afisini akisema watoto wanafundishana. Mwenye kuchagua swali linalostahili kubishaniwa ni yeye.)

Na yule kijana wa tatu? Alikuwa akinakili. Kila jibu lilipotoka aliliandika, mwandiko mzuri sana.

Huyu naye ana historia yake. Mhandisi Mfaransa wa mambo ya kilimo, Maximilien Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, akachapisha matokeo yake 1913. Kadiri watu walivyozidi kwenye kamba ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu kidogo. Walipofika wanane, kila mtu alikuwa akitoa kama nusu ya aliyotoa akiwa peke yake. Sehemu ya hasara ni kutokwenda kwa pamoja, sehemu ni kutegeana. Aliyewahi kusaidia kupandisha mashua pwani anawajua hao wanaoshika kamba na kupiga kelele za "haya!" kuliko wote, huku kamba ya mbele yao imelegea.

Kwa hiyo walimu wenye uzoefu huweka kikundi kiwe cha watatu au wanne, si wanane. Humwita yeyote ubaoni bila kumwonya, na mtihani kila mtu huufanya peke yake. Wengine wana hila nyepesi zaidi: kalamu ni moja, na haishikwi na anayejua. Anayejua hutumia mdomo tu.

Nilimnong'oneza mpwa wangu hilo. Akakitazama kipande cha chaki mkononi mwake kama anayedaiwa, kisha akamsukumia yule wa tatu. Swali lililofuata lilikuwa la mbaazi na viazi karai. Kijana aliishika chaki, akaandika mlinganyo wa kwanza, akakwama, na kwa mara ya kwanza jioni ile akafungua kinywa: "Hii m, ni mbaazi yenyewe au ni bei yake?"

Ustadh akafungua mdomo ajibu, akaufunga tena.